Ufito na Mzigo: Somo la Hesabu Kizimkazi
Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, ambao maandishi ya kibla yake yanataja mwaka 500 wa Hijra (1107 Miladia), ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mchanganyiko huo hustahimili sana kubanwa, bali ukivutwa hupasuka upesi. Ndiyo maana dari za mawe za majumba ya Mji Mkongwe hubebwa na boriti za mikoko, na vyumba vikawa vyembamba kwa kadiri ya urefu wa boriti.

Katika mazoezi ya kufundisha huko Kizimkazi tuliegemeza ufito juu ya matofali mawili, nafasi ya sentimita 30, tukaning'iniza jiwe katikati. Ulipinda milimita 2. Je, nafasi ikiwa 60? Tukajijibu kwa haraka: 4, tukaandika ubaoni.

Mtoto mmoja akapima. "Mwalimu, mbona ni kama 16?"

Tulidhani amekosea rula, tukamrudisha apime tena mbele ya wenziwe, jambo tunalolijutia. Ilikuwa karibu 16. Kwa mzigo uleule, nafasi ikizidi mara 2 mpindo huzidi 2 × 2 × 2, yaani mara 8. Walimu wanafunzi waliokaa nyuma walikuwa wakitutazama. Tukaifuta 4, tukampa mtoto chaki.