Asilimia Kumi

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam neno "wakala", atatazama huku na huku akitafuta kibanda chenye mwavuli ili atoe hela. Ukimwambia "dalali", atashika mfuko wake vizuri. Kwa hiyo kazi ya wakala wa wasanii ni ngumu kuieleza kwetu. Msanii wetu ana "meneja", na meneja huyo ndiye anayetafuta shoo, anayelipia studio, anayepokea simu, na mara nyingine anayeshika hata nywila za akaunti za msanii.

Wamarekani walianza kuitenga kazi hii mapema. William Morris alifungua ofisi yake New York mwaka 1898, akiwatafutia wachekeshaji na waimbaji majukwaa, naye akikata fungu lake katika malipo yao. Kampuni iliyobeba jina lake ikawa na desturi maarufu: kijana anayetaka uwakala, hata awe na shahada, anaanzia chumba cha barua. Anasukuma kitoroli, anagawa bahasha ofisi kwa ofisi, na huku anajifunza nani analipwa nini na nani hajapigiwa simu. David Geffen na Barry Diller walipitia humo. Mwaka 1975 mawakala watano walitoka katika kampuni hiyo wakaanzisha CAA, ambayo leo ni miongoni mwa kubwa kuliko zote duniani.

Jimbo la California, nyumbani kwa Hollywood, lina sheria mahususi. Anayemtafutia msanii kazi lazima awe na leseni ya Kamishna wa Kazi na aweke dhamana ya dola 50,000. Meneja anaruhusiwa kushauri, lakini akianza kutafuta ajira bila leseni, mkataba wake unaweza kubatilishwa. Na kiwango kilichozoeleka cha kamisheni ya wakala ni asilimia 10.

Naipenda hesabu hiyo. Inamwambia wakala: ili upate shilingi moja, hakikisha mwenzako amebaki na tisa. Ukitaka mbili, mtafutie kumi na nane.

Hesabu hiyo ilipovurugwa, palizuka ugomvi. Kwa miaka mingi mawakala wakubwa walikuwa wakimkusanya mwandishi, mwongozaji na mwigizaji, wakawauza pamoja kwa studio kama furushi moja, na studio ikawalipa mawakala moja kwa moja. Mwandishi hakukatwa ile asilimia 10, hivyo mwanzoni aliona nafuu. Lakini malipo ya mwandishi yakishuka, wakala hakuumia tena. Aprili 2019, waandishi zaidi ya 7,000 waliachana na mawakala wao kwa mpigo. Mvutano ulikwisha Februari 2021, kampuni kubwa zikiwa zimekubali kuacha ada za mafurushi.

Nilikuwa nayasoma haya kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili katika sheria, mdogo wangu aliponitumia mkataba kwa simu. Anapiga gitaa katika bendi za hotelini. Alikuwa amepata miezi sita katika hoteli moja ya Ghuba, kupitia mtu aliyejiita wakala wa kimataifa. "Dada, nipitishie macho tu," aliandika. "Kesho nasaini."

Kurasa tisa, zote kwa Kiingereza. Ukurasa wa tatu: wakala anachukua asilimia 35 ya mapato yote, bakshishi zikiwemo, baada ya mdogo wangu kurudisha gharama za tiketi, visa na sare. Ukurasa wa sita: pasipoti itatunzwa na wakala "kwa usalama". Ukurasa wa saba, katika mstari mmoja mfupi: hoteli itamlipa wakala ada yake kwa kila mwanamuziki atakayemleta.

Nilibaki hapo ukurasa wa saba. Huyu bwana alikuwa amelipwa kabla gitaa halijafunguliwa kwenye mkoba wake.

Ule wa sita ulinikumbusha Kanali Tom Parker, meneja wa Elvis Presley. Parker alizaliwa Uholanzi mwaka 1909 kwa jina la Andreas van Kuijk, akaingia Marekani bila karatasi, na hakuwahi kuwa na pasipoti ya nchi hiyo. Elvis, aliyekuwa akitakiwa dunia nzima, aliimba nje ya Marekani katika maonyesho ya Kanada mwaka 1957 tu. Wengi wanaamini sababu mojawapo ilikuwa hofu ya Parker kuvuka mpaka. Huyo alikosa pasipoti, na huyu wetu alizitaka za wenzake. Ila mwanamuziki, kwa wote wawili, anakwenda pale tu meneja anapotaka.

Tuliomba mambo matatu: kamisheni ishuke, pasipoti ikae kwa mwenyewe, na ada ya hoteli ikatwe kwenye fungu la wakala. Jibu lilikuja kwa ujumbe wa sauti. "Mwambie dada yako msomi, wapiga gitaa wako wengi."

Alisema kweli. Mdogo wangu alikataa, na baada ya wiki mbili mpiga besi wa bendi yake akaondoka kwa mkataba uleule. Sasa anatuma picha: ukumbi wenye mataa, jukwaa pana, sare nyeupe. Mama akiziona hanyamazi. "Mwenzako kafika," anamwambia mdogo wangu, kisha ananitazama mimi.

Juzi mpiga besi aliuliza kwenye simu kama kuna anayeweza kumkopesha mdogo wangu laki mbili, ampelekee mke wake, maana "hesabu za huku bado hazijakaa sawa". Mdogo wangu alimpelekea hamsini, ndiyo aliyokuwa nayo. Mama hatujamwambia.