Watu Walifanyaje?

Januari 2023 nilikuwa Mumbai nikimuuguza mjomba wangu, aliyetoka Unguja kwenda kutibiwa moyo. Aliyewahi kumpeleka mgonjwa India anazijua siku zile: asubuhi vipimo, mchana kusubiri majibu, jioni kupiga simu nyumbani kusema majibu bado. Tulipanga chumba Bandra, upande wa mashariki wa reli, jirani na Behrampada, mtaa wenye Waislamu wengi, vichochoro vyembamba na nyumba zilizopandiana hadi kuziba jua. Mjomba alikipenda chumba kwa sababu adhana ilimfikia kitandani. Mimi nilikipenda kwa sababu ukishavuka reli kwenda upande wa magharibi, hufiki mbali ila umekutana na jumba la senema la Gaiety.

Gaiety si jumba la fahari. Lilifunguliwa mwaka 1972, na baadaye uwanja wake ukajazwa kumbi nyingine hadi zikatimia skrini saba. Viti vimechoka, tiketi ni za bei ya mtu wa kawaida, na kelele zake zinajulikana India nzima. Waongozaji na waigizaji wa Mumbai wana desturi ya kujipenyeza humo picha mpya inapotoka, wakasimama nyuma gizani kusikiliza. Wakosoaji wa magazeti wataandika watakavyo. Gaiety isipopiga mbinja, mwenye picha halali.

Mwezi ule mji ulikuwa na mazungumzo mamoja tu: Pathaan. Ni picha ya majasusi ya kampuni ya Yash Raj Films, iliyoongozwa na Siddharth Anand kwa gharama iliyotajwa kuzidi rupia bilioni 2. Ilikuwa ya nne katika mfululizo wa majasusi wa kampuni hiyo, baada ya Ek Tha Tiger ya 2012, Tiger Zinda Hai ya 2017 na War ya 2019. Lakini stesheni, kwenye bajaji na kwenye foleni ya dawa sikumsikia mtu akitaja mfululizo. Walimtaja Shah Rukh Khan. Tangu Zero, iliyotoka Desemba 2018 na kuanguka, hakuwa ameonekana tena akiwa stelingi. Kati ya hapo ilipita korona, kumbi nyingi zikafungwa na baadhi hazikufunguka tena. Familia yake ilipata misukosuko iliyojaza magazeti. Mwaka 2022 picha kubwa za kusini, za Kitelugu na Kikannada, ziliziacha mbali zile za Mumbai sokoni. Wapo waliokwisha kusema kwamba Shah Rukh amekwisha.

Kisha kukawa na fitina ya wimbo. Desemba 2022 ulitoka wimbo wa kwanza wa picha ile, Deepika Padukone akionekana katika vazi la kuogelea la rangi ya zafarani, rangi inayoheshimiwa na Wahindu. Baadhi ya wanasiasa na makundi ya kidini wakasema wametukanwa. Wito wa kuisusia picha ukasambaa, na kuna miji ambako mabango yalichanwa. Lililosemwa kwa sauti lilikuwa nguo. Lililosemwa chini chini lilikuwa jina la picha na dini ya stelingi. Behrampada kila mtu alilijua hilo, na hakuna aliyetaka kulizungumza na mgeni.

Ilitoka Jumatano, tarehe 25, siku moja kabla ya Sikukuu ya Jamhuri. Gaiety, jumba lililozoea kuanza kazi karibu na mchana, liliweka onyesho la saa tatu asubuhi, na magazeti yakasema halikuwahi kufanya hivyo tangu lifunguliwe. Nilipita hapo nikienda kununua dawa. Barabara ilikuwa imefungwa na watu. Vijana wa klabu ya mashabiki walivaa fulana za aina moja, ngoma za dhol zilipigwa, baruti zikalipuka juu ya lami, na bango la Shah Rukh lenye urefu wa ghorofa lilivishwa mashada ya maua kama bwana harusi. Polisi walisimama pembeni na virungu vyao, mmoja akitingisha kichwa kwa mdundo. Waliosusia sikuwaona.

Mimi sikuingia siku ile. Mjomba alikuwa akiandaliwa kuzibuliwa mishipa, na tiketi zilikuwa mikononi mwa walanguzi. Nilipata nafasi Jumapili, tarehe 29, mjomba akiwa ameshatoka salama na amelala. Alasiri nilikwenda kwanza Bandstand, ufukweni, ilipo nyumba ya Shah Rukh iitwayo Mannat. Umati ulijaa barabara hadi kwenye ukuta wa bahari. Akatokeza juu ya ukuta wa nyumba yake, mtu mdogo kwa umbali ule, akapunga, akabusu viganja, kisha akanyoosha mikono miwili huku na huku kama afanyavyo kwenye picha zake. Mzee mmoja jirani yangu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinyoosha na yeye ya kwake. Usiku nikanunua tiketi kwa mlanguzi, bila kubishana sana bei, nikaingia Gaiety.

Nilikaa chini, karibu na katikati. Kulia kwangu alikuwapo mama wa makamo, buibui jeusi, pamoja na wanawe. Kushoto, vijana waliokwisha kuiona tayari na waliokuja na mifuko ya karatasi zilizochanwa. Kwanza ulipigwa wimbo wa taifa, kama ilivyo ada katika kumbi za Maharashtra. Watu wote wima, kimya, hata wale vijana. Ikafuata ilani ya tumbaku, maana India hairuhusu picha yenye tumbaku ndani yake kuanza bila kukumbushwa habari za saratani. Kisha ikatokea skrini nzima hati ya bodi ya ukaguzi, karatasi kavu yenye muhuri na dakika za picha, na ukumbi ukalipuka. Sijaona tena karatasi ya serikali ikishangiliwa vile.

Stelingi anapoonekana mara ya kwanza amefungwa kwenye kiti, amepigwa, uso hauonekani vizuri. Kamera inamsogelea taratibu. Kilichotokea uso ulipoinuka siwezi kukiita kelele tu, kwa sababu mlio ulipanda kupitia miguu ya viti. Karatasi zikarushwa, sarafu zikagonga chini ya skrini, watu wakakimbia mbele kucheza wakati hata muziki haujaanza. Maneno yake ya mwanzo sikuyasikia, wala sidhani kuna aliyeyasikia. Vijana wa kushoto waliyasema kwa niaba yake.

Na adui alipata haki yake pia. John Abraham, aliyeigiza Jim, jasusi aliyelisaliti shirika lake baada ya serikali kukataa kumkomboa mkewe, alipigiwa mbinja karibu sawa na stelingi. Kuna jambo nililigundua hapo. Jenerali wa Pakistani alizomewa, lakini kizomeo cha kawaida, cha wajibu. Jim walimsikiliza. Alipoeleza alivyotelekezwa na nchi aliyoitumikia, ukumbi ulitulia kidogo, na wale wana wa jirani yangu wakaacha kutafuna.

Halafu kuna pale Rubai, jasusi wa Pakistani aliyeigizwa na Deepika, anapomuuliza Pathaan kama yeye ni Muislamu. Hajibu ndiyo wala siyo. Anasema wazazi wake walimwacha ndani ya ukumbi wa senema, na nchi ndiyo iliyomlea. Jina la Pathaan amepewa na wanakijiji wa Afghanistan aliowaokoa. Kwenye karatasi hayo ni maelezo ya hadithi, ya kupita haraka kabla mapigano hayajarudi. Gaiety, wiki ile, baada ya fitina ya mwezi mzima, yaliangukia mahali pengine. Shangwe haikuja mara moja. Kilipita kitambo kifupi, kisha wakapiga makofi, makofi ya viganja bila mbinja, kama watu wanaopokea hotuba. Mama wa kulia kwangu alipiga pia, macho yakiwa mbele.

Hakukaa na adabu hiyo muda mrefu. Baada ya mapumziko ya sambusa na chai, Pathaan yumo mikononi mwa walinzi ndani ya treni huko Urusi, amezidiwa, na juu ya paa kunasikika hatua. Kila mtu alijua ni nani. Salman Khan, Tiger wa picha zile nyingine, anashuka na skafu shingoni na kikombe cha kahawa mkononi. Mama yule alipanda juu ya kiti chake, akatia vidole viwili mdomoni, akapiga mbinja moja iliyonyooka hadi balkoni. Wanawe waliinamisha vichwa kwa haya. Kwa dakika zilizofuata skrini ilionekana vipande vipande kati ya mikono ya watu. Wawili wale wanapigana, wanachoka, na mmoja anampa mwenzake kidonge cha maumivu. Ukumbi ulicheka kicheko kikubwa, cha upendo.

Na mwishoni, baada ya ngoma ya kufungia picha ambayo watu waliicheza mbele ya skrini hadi walinzi wakachoka kuwarudisha, wawili wale wameketi, wanaugua maungo, wanajadiliana nani atashika nafasi zao wakistaafu. Wanapitia vijana mmoja mmoja, kisha wanakubaliana kazi hii haiwezi kuachiwa watoto. Wote wawili walizaliwa mwaka 1965. Watazamaji walioshangilia pale wengi walikuwa hawajazaliwa wakati nyota zao zinapanda.

Nilirudi chumbani usiku mwingi nikamkuta mjomba yu macho, mto mgongoni.

"Shikamoo mjomba. Hujalala?"

"Marahaba. Nitalalaje na kelele zenu? Haya, hadithia."

Nikaanza na kirusi, maabara na makombora. Akanikatiza kwa mkono.

"Hadithi nitaiona mwenyewe. Niambie watu walifanyaje."

Ndipo nikakumbuka yeye ni mtu wa Majestic, ile senema ya Vuga, Unguja. Ujana wake ulipita katika zile Jumapili za picha za Kihindi, watu wamevaa vizuri, tiketi zimelanguliwa tangu mchana, na aliyebahatika kuingia ana deni la kuihadithia picha barazani kesho yake, analipwa kwa kahawa. Awaara ya Raj Kapoor aliiona mara nyingi kuliko alivyokuwa na pesa za kuiona. Alinieleza jinsi watu walivyomuonya Raj Kapoor kwa sauti asiende anakokwenda, na jinsi kina mama walivyotoka na leso zimelowa, wakicheka wenyewe kwa wenyewe. Basi nikamhadithia hati ya ukaguzi, makofi, mama wa buibui na mbinja yake. Nilipofika kwenye kidonge cha maumivu, alicheka mpaka nikauhofia moyo wake. Akaitazama mifuko yake ya dawa mezani.

"Kwa hiyo sasa stelingi naye anakunywa dawa," akasema. "Vizuri. Wametukumbuka."

Pathaan ilivuka rupia bilioni 1 duniani kwa siku ya kwanza tu, na hadi inaondoka kwenye kumbi ilikuwa imepita bilioni 10. Kumbi kadhaa za skrini moja zilizokuwa zimefungwa zilifunguliwa kwa ajili yake. Tarehe 22 Machi ikaingia Prime Video, na mjomba, akiwa ameshapona na yuko kwake Unguja, akaiona kwenye runinga. Wajukuu walikuwa na simu zao, mama wa nyumba aliingia na kutoka, na treni ya Urusi ilipita bila mtu kuinua kichwa. Mjomba alisubiri majina yaishe, akasema, "Picha ya kawaida," akaomba chai.

Alikuwa sahihi. Hadithi ina matundu, magari yanafanya yasiyowezekana, na siri za serikali zinaibwa kirahisi kuliko kuku. Tena sitaki kuitakasa shangwe ile kupita kiasi. Novemba mwaka huohuo, picha ya Tiger 3 ilipotoka, mashabiki katika ukumbi mmoja wa Malegaon waliwasha fataki ndani, watu wakakimbia kwa hofu, na Salman mwenyewe akalazimika kuwasihi waache. India haijasahau Uphaar ya Delhi, ambako watu 59 walikufa kwa moto na moshi mwaka 1997, picha ikiwa inaendelea.

Hata hivyo hukumu yangu ni hii: picha ya namna ile hutengenezwa nusu studio, na nusu ya pili hutengenezwa na waliokata tiketi. Aliyeiona peke yake ameiona nusu ya studio, na ndiyo nusu dhaifu. Kwa hiyo ukiwa na mgonjwa Mumbai, akishapata nafuu, muombe ruhusa ya jioni moja. Nenda wiki ya kwanza ya picha kubwa, onyesho la usiku, ukae chini wala usipande balkoni. Karatasi za kurusha utagawiwa na jirani. Kiberiti kiache chumbani.