Mtu Anayekopesheka

Kwenye duka la jirani yetu pale Gulwe, daftari la madeni halikuwekwa juu ya kaunta pamoja na bidhaa. Lilikaa chini, karibu na mizani, limefungwa kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, na kila ukurasa ulikuwa na mtu wake. Nililizoea tangu utotoni nikitumwa chumvi na mafuta ya taa. Mama akituma mtoto, sukari ilipimwa bila swali. Jirani mwingine akituma mtoto wake, mtoto aliambiwa, "Mwambie baba aje mwenyewe." Wote wawili walikuwa wakulima, wote walisubiri mavuno yaleyale, na huyo wa pili alikuwa na ng'ombe wengi kutuzidi. Kilichowatofautisha ni ukurasa.

Siku hizi mikopo imehamia kwenye simu na kwenye kadi, na kadiri ninavyoifuatilia ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba alichokuwa anakipima mwenye duka yule ndicho kinachopimwa na mabenki makubwa ya dunia. Watu wengi hudhani anayekopesheka ni mwenye mali. Mali husaidia, sikatai. Lakini mwenye mali asiyelipa humchosha mkopeshaji kuliko maskini anayelipa kidogokidogo kwa siku aliyoahidi.

Mtu wa mjini asiyeijua Gulwe anaweza kujiuliza kwa nini tukope hata sukari. Gulwe iko wilaya ya Mpwapwa, kwenye bonde la mto Kinyasungwe. Reli ya kati ilipita hapa wakati Wajerumani wanaisogeza kuelekea Dodoma, ilikofika mwaka 1910, na sasa reli mpya ya SGR nayo imepita. Pamoja na reli zote hizo, anayeamua nani ana hela ni mvua. Inanyesha msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, ikikatika mapema mwaka umeharibika, na ikizidi mto unachukua njia yake. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliibomoa reli kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi. Hela ya mkulima huja kwa mkupuo, baada ya kuvuna. Tumbo linadai kila siku. Katikati ya hapo lazima kuna mkopo.

Na mkopo mbaya kuliko yote ndio unaopatikana kirahisi. Mwezi wa Februari, kifuku kimekolea na ghala limebaki vumbi, mtu anachukua gunia moja la mahindi kwa ahadi ya kurudisha mawili akivuna. Hakuna riba ya benki yoyote ninayoijua inayofika hapo. Nimeona familia ikivuna vizuri kabisa na bado ikaingia mwezi wa Agosti mikono mitupu, kwa sababu nusu ya mavuno ilishaliwa kabla haijaota.

Mama mdogo wangu aliona hayo kwa wazazi wake, na nadhani ndiyo maana amekuwa mweka hazina wa kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, asiyecheza na hesabu. Wanakutana kila wiki chini ya mwarobaini. Sanduku la chuma lina kufuli tatu na funguo zinashikwa na wanachama watatu, yeye hayumo. Likifunguliwa, kila kitu kinahesabiwa mbele ya macho: hisa kwenye beseni moja, mfuko wa jamii kwenye beseni jingine, faini kwenye kibakuli. Kila mwanachama ana kitabu chake na kila hisa inagongewa muhuri. Mkopo hauzidi mara tatu ya hisa za mtu. Utaratibu huu ulianzishwa na shirika la CARE huko Niger mwaka 1991, pamoja na wanawake wa vijijini, kisha ukasambaa Afrika. Wanawake wa Gulwe wameuchukua kama vile walizaliwa nao.

Nimekaa pembeni ya mkutano huo mara nyingi, na jambo lililonifundisha zaidi ni namna mtu anavyopandishwa. Mwanachama mpya haanzi na laki tano. Anachukua elfu ishirini, ananunua ngano na mafuta, anakaanga maandazi, anarejesha kabla ya tarehe. Safari nyingine anapewa elfu hamsini. Hakuna anayemsifu, wanaandika tu. Mama mdogo aliwahi kuniambia, "Mtu asiyejali elfu ishirini, laki mbili ndiyo atazijali?" Tena yeye mwenyewe, ingawa hisa zake zinamruhusu kuchukua mkopo mkubwa, hachukui hadi mwisho. Anaacha nafasi. Mtoto akiugua usiku na umeshakopa kila ulichoruhusiwa, utakimbilia kwa yule wa gunia moja kwa mawili.

Kuna mwaka alizeti ilikauka ikiwa imetoa maua. Mama mdogo alikuwa na mkopo aliouchukua kwa ajili ya kulimia. Wiki nzima kabla ya siku ya marejesho alimfuata mwenyekiti nyumbani kwake, akamwambia: "Sitafikisha yote. Nimeuza mbuzi wawili, nina riba na robo ya deni. Naomba nimalizie kwa vibarua." Mkutanoni akayarudia maneno hayohayo mbele ya wote, akatozwa faini, akalipa. Mwaka huohuo mwanachama mwingine, deni lake dogo kuliko la mama mdogo, alianza kupita nyuma ya stesheni ili asikutane na watu wa kikoba. Simu haipokei. Mtoto anasema mama kaenda Mpwapwa. Baadaye huyo naye alilipa, alilipa hadi shilingi ya mwisho na faini juu yake. Lakini mpaka leo akiomba mkopo wenzake hutazamana kwanza. Mama mdogo alichelewa kuliko yeye, na mkopo uliofuata alipewa bila mjadala.

Hili nalishika sana. Tunafundishana kwamba dawa ya deni ni kulipa, na ni kweli, ila kabla ya kulipa kuna kujitokeza. Mkopeshaji akijua ulipo na unachofanya, anaweza kusubiri. Kinachomtia hofu ni ukimya.

Binamu yangu alihamia Houston akiwa na shahada na kazi tayari, akakuta hawezi kupanga nyumba bila kuweka amana kubwa. Alikuwa na hela. Hakuwa na rekodi. Huko Marekani mtu hupewa alama za mkopo, na zinazotumika sana ni za FICO, kuanzia 300 hadi 850. Asilimia 35 ya alama hizo inatokana na kama unalipa kwa wakati. Asilimia 30 inatokana na kiasi unachodaiwa, hasa ukilinganisha na kikomo ulichopewa. Asilimia 15 ni muda ambao umekuwa ukikopa, na zilizobaki zinagawanywa kati ya mikopo mipya uliyoomba karibuni na aina za mikopo uliyonayo. Binamu alianza na kadi ya mkopo yenye dhamana: aliweka fedha yake benki, benki ikampa kadi yenye kikomo kidogo. Akawa anaitumia kununua mafuta ya gari tu, na taarifa ya mwezi ikija analipa deni lote, siyo kile kima cha chini ambacho benki humruhusu mtu kulipa. Kima hicho ndicho mtego wenyewe, kwa maana kinachobaki kinazaa riba, na mtu anaweza kulipa kila mwezi kwa miaka asione deni likipungua.

Alipotueleza hayo kwa simu, mama mdogo alikuwa anachambua mlenda. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Kwa hiyo wanaangalia unavyorudisha, usichukue mpaka ukingoni, na wakujue kwa muda mrefu?" Binamu akasema ndiyo. "Na usikope huku na huku kwa wakati mmoja?" Ndiyo. Akaendelea na mboga yake.

Sipendi kuishia hapo kana kwamba kijiji hakina la kujifunza. Kuna jambo limenisumbua kwa muda mrefu: uaminifu wa mama mdogo unaishia pale mwarobaini. Akivuka kwenda benki Mpwapwa, anakuwa mwanamke asiye na hati ya nyumba wala mshahara. Na chanzo cha hali hiyo ni cha zamani. Utawala wa Waingereza Tanganyika ulikuwa na sheria, ile ya 1931, iliyobana mikopo kwa wenyeji: asiye mwenyeji akimkopesha Mwafrika bila idhini ya maandishi ya ofisa wa serikali, hakuweza kumdai mahakamani. Walisema ni kumlinda. Matokeo yake ni kwamba neno la mkulima halikuwa na thamani kwenye karatasi rasmi, likabaki na thamani kwenye daftari la duka na kwa majirani. Mabenki yalitaifishwa Februari 1967, yakabinafsishwa baadaye, na bado mkulima wa mtama aliulizwa dhamana ambayo hakuwa nayo.

Sasa mambo yamebadilika, nusu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua vikundi kama cha mama mdogo na kuviweka daraja la nne. Benki Kuu ina mfumo wa taarifa za wakopaji, wenye kanuni zake za mwaka 2012, na zipo kampuni kama Creditinfo zenye leseni ya kukusanya rekodi na kuzitoa kwa wakopeshaji. Simu nayo imeingia. Huduma ya Songesha inakuongezea pale salio lisipotosha, na hela ikiingia deni linakatwa kwanza. Kijana wa bodaboda asiyewahi kuingia benki anaanza kuacha alama za nyayo zake.

Alama hizo zinaweza kumpandisha au kumzamisha. Kenya walitutangulia kwa mikopo ya simu, M-Shwari mwaka 2012, kisha Fuliza mwaka 2019. Watu wakaingizwa kwenye orodha za wasiolipa kwa madeni madogo sana, hadi kanuni za 2020 zikazuia kuripotiwa kwa deni lililo chini ya shilingi elfu moja za kwao. Mkopo wa simu unapatikana ukiwa umekaa msibani, ukiwa umelewa, ukiwa na hasira. Hakuna beseni, hakuna mwenyekiti wa kukuangalia usoni. Kwa hiyo yale macho ya kikoba inabidi mtu ajiwekee mwenyewe: nakopa nini, nitarejesha kwa hela ipi, lini? Kwa mkulima wa Gulwe swali la "lini" ni gumu kuliko yote, kwa sababu mkopeshaji anataka marejesho ya kila wiki na alizeti haivunwi kila wiki. Asiye na kibarua, kuku wa kuuza au genge dogo la kuingiza hela katikati ya msimu, huo mkopo si wake hata kama ameruhusiwa.

Tukirudi kwenye kadi, ninamkumbuka mwalimu mmoja ambaye kadi yake ya benki hakai nayo. Iko kwenye droo ya mkopeshaji wa mtaani, wale wa kausha damu, pamoja na namba ya siri. Mshahara ukiingia, mkopeshaji anaenda ATM kwanza, mwalimu anasubiri kubakiziwa. Mtu anayeaminiwa watoto darasani ameikabidhi saini yake kwa mtu asiyemfahamu vizuri. Alikwenda huko kwa shida ya kweli, mgonjwa nyumbani, na simhukumu. Namsikitikia kwamba miaka yote hiyo anayolipa bila kukosa haimjengei chochote. Mkopeshaji huyo hana leseni, hapeleki taarifa popote. Malipo yake mazuri yanapotelea kwenye droo. Ndiyo maana nawasihi watu waulize leseni ya Benki Kuu kabla ya kuuliza kiasi. Mkopo usioandikwa kokote unakula jasho lako na haukuachii jina.

Kitu kingine kinachochafua jina ni laini za simu. Mama mdogo alikuwa amemsajilia mjukuu laini kwa kitambulisho chake cha NIDA, kwa upendo, kama bibi wengi wanavyofanya. Mjukuu alipofikisha miaka 18 na kupata namba yake, mama mdogo alimwambia airudishe hiyo laini na asajili ya kwake, kwa sababu kila mkopo atakaouchukua kwa laini ile mdaiwa kwenye mfumo ni bibi. Kijana akanung'unika, wateja wake wa bodaboda wote wana namba ya zamani. Bibi hakulegeza. Wakapiga *106# pamoja, wakaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na kukawa na nyingine ambayo hawakuikumbuka. Jumatatu walipanda gari kwenda Mpwapwa kuzifuta zote mbili.