Mbugangari: Mahali Ambapo Mteremko Huishia

Msafiri atokaye Kigali kwenda Gisenyi husafiri kiasi cha kilomita 155, na karibu zote ni za kupanda na kushuka. Hupita Gakenke penye kona nyingi, akafika Musanze chini ya milima ya volkano, kisha akaendelea kupanda hadi Mukamira, ambako ubaridi huwafanya watu wafunge vifungo vya makoti hata mchana. Huko barabara imekwisha kupita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Viazi, karoti na vitunguu hulimwa pande zote, na ng'ombe wa Bigogwe hulisha katika malisho mabichi. Baada ya hapo barabara hugeuka na kuanza kushuka. Hupita mashamba ya chai ya Pfunda, ikateremka Rugerero, na ghafla Ziwa Kivu huonekana kule chini, katika kimo cha mita 1,460 hivi.

Mgeni huufurahia mteremko huo kwa sababu ya mandhari yake. Dereva wa lori hauangalii kwa jicho hilo. Yeye huhesabu kona, husikiliza injini, na hujiuliza kama kila kitu alichokifunga asubuhi bado kimefungika.

Chini ya mteremko huo, upande wa kaskazini wa mji, karibu na mpaka wa Kongo, ndiko kuliko na mtaa wa Mbugangari. Kwa sikio la Mnyarwanda jina lenyewe lasema uwanja mpana, na Mswahili naye haoni taabu kulielewa, maana mbuga ni mbuga. Ni mtaa wa watu wengi, wenye soko, maduka madogo na nyumba zilizokaribiana, juu ya ardhi iliyozaliwa na volkano. Kiswahili husikika humo tangu alfajiri, kwa kuwa Goma ni ng'ambo tu, na tangu mwaka 2017 lugha hiyo ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda. Mkazi wa Dar es Salaam ataelewa kila kitu, ila itambidi azoee kwamba lori huitwa kamyo na breki huitwa feri.

MIZIGO YA MPAKANI

Maisha ya Mbugangari ni maisha ya kubeba na kuvuta. Kwa miaka mingi akina mama wamekuwa wakielekea kwenye kivuko kidogo cha mpaka na nyanya, mayai, unga na maziwa vichwani. Watu wenye ulemavu wa miguu nao wamejijengea biashara ya heshima kwa baiskeli za magurudumu matatu, ambazo hubeba magunia mazito kuliko mwenyewe, huku wasaidizi wakizisukuma kwa nyuma. Na ng'ambo, katika Goma, kuna chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili ambacho vijana hukishusha kutoka milimani kikiwa na viazi au makaa. Wenyeji wa Goma wamekiheshimu chombo hicho hata wakakisimamishia sanamu mjini.

Chukudu yafaa itazamwe kwa makini, maana ina somo. Breki yake ni kipande cha mpira wa gurudumu kuukuu kilichopigiliwa nyuma. Kijana hukikanyaga kwa mguu, nacho husugua gurudumu. Ni kifaa duni, lakini mwenye chukudu hukiona kwa macho yake kila anaposhuka. Mpira ukiisha, yeye ndiye wa kwanza kujua.

Dereva wa lori lenye tela hana bahati hiyo. Vitu vinavyomlinda viko nyuma yake na chini yake, gizani, vimefunikwa na grisi na vumbi. Asiposhuka kuvitazama, hatavijua mpaka siku vitakapomwaibisha.

TANI NYINGI JUU YA PINI MOJA

Mwaka 1893 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen aliondoka Pangani, katika pwani ya Tanganyika, akiwa na msafara wa wapagazi, na mwaka 1894 akaivuka Rwanda hadi Ziwa Kivu. Katika misafara ya zama zile mpagazi alibeba kiasi cha kilo 30. Mmoja akiteleza, ulianguka mzigo mmoja, na msafara uliendelea.

Msafara wa leo ni lori na tela lake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huruhusu uzito wa jumla usiozidi tani 56, na sehemu kubwa ya uzito huo huwa juu ya tela. Tela hilo huvutwa kwa pini ya chuma iliyo chini ya sakafu yake. Kwa malori mengi pini hiyo ina unene wa milimita 50 tu, usiozidi sana mpini wa jembe. Huingia katika sahani nzito ya chuma iliyo mgongoni mwa lori, na taya za sahani hufunga kuizunguka. Kutoka bandari za Dar es Salaam na Mombasa, kwa zaidi ya kilomita 1,400, chai, saruji, mafuta na nguo hufuata pini hiyo.

Pini na taya zake hulika kidogo kidogo. Grisi ikikauka, chuma husaga chuma. Bolti zinazoishikilia sahani hulegea kwa mitikisiko ya barabara. Lakini hatari kubwa kuliko zote ni ile ya kuunga vibaya. Pini yaweza kukaa juu ya taya badala ya ndani yake, na lori likaondoka kama kwamba mambo yote ni sawa. Kwenye tambarare tela hufuata. Kwenye kona au shimo la kwanza kubwa, huachana na lori.

Madereva wazee wana desturi ya kuwafundisha mautingo wao kwa swali moja.

"Mzee, pini imekaa," utingo husema.

"Umeiona au umeisikia?"

Kijana aliyesikia tu mlio wa chuma hurudishwa na tochi. Lazima ainame, atazame kwamba taya zimefunga nyuma ya pini, kwamba hakuna mwanya kati ya sahani na sakafu ya tela, na kwamba komeo limeingia mahali pake. Kisha dereva hufunga breki za tela na kulivuta polepole katika gia ya chini. Lisipoachia, miguu ya tela hupandishwa. Kazi yote hiyo haizidi dakika 10.

Zipo pia bomba za upepo. Moja hulipatia tela upepo wa akiba, nyingine hupeleka amri ya kufunga breki. Bomba la akiba likikatika, breki za tela hujifunga zenyewe. Ndivyo vilivyobuniwa, ili tela lililoachana na lori lisiendelee peke yake. Lakini ulinzi huo hufaa tu ikiwa breki zenyewe ni nzima. Fundi wa njiani akiisha kuzifungua kwa nguvu ili gari bovu liweze kuvutwa, au mwenye gari akiziba bomba linalovuja badala ya kulibadilisha, ulinzi umekwisha, na hakuna taa itakayosema hivyo.

MTEREMKO HAUSAMEHE

Mtu asiyejua magari hudhani kwamba breki hushindwa kwa sababu zimekatika. Aghalabu hushindwa kwa sababu ya joto. Dereva akishuka kutoka Mukamira katika gia kubwa huku amekanyaga breki muda wote, ngoma za magurudumu hupata moto mpaka breki zinapoteza nguvu ya kushika. Hukanyaga tena na gari haliitiki. Hapo hujaribu kurudisha gia ndogo, lakini wakati umepita.

Kwa hiyo gia ya kushukia huchaguliwa juu ya mlima, kabla ya mteremko kuanza. Injini ndiyo ishike gari, na breki zikanyagwe kwa vipindi, zipate kupoa. Dereva mgeni ana mtihani mwingine: Tanzania, Kenya na Uganda magari hupita kushoto, na Rwanda hupita kulia. Aliyevuka daraja la Rusumo jana anashuka Gisenyi leo akiwa ameketi upande wa ukingo wa barabara, na macho yake hayajazoea.

Serikali ya Rwanda haikukaa kimya. Agizo la mwaka 2015 lililazimisha malori na magari ya abiria kufungwa vidhibiti mwendo, visizidi kilomita 60 kwa saa. Mwaka 2019 Polisi ya Taifa ilianzisha kampeni ya Gerayo Amahoro, yaani fika kwa amani. Lakini kidhibiti mwendo huizuia injini tu. Hakilizuii lori lililokosa breki, kwa kuwa mteremko hauna kidhibiti.

Wilaya ya Rubavu imekwisha kushuhudia malori yaliyoshindwa kusimama katika mteremko wake. Na Afrika Mashariki yote haijaisahau jioni ya tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani nchini Kenya, lori la kontena lilipoyagonga magari na wachuuzi wa kando ya barabara, wakafa watu wasiopungua 52. Wengi wao hawakuwa wasafiri. Walikuwa wakiuza na kununua. Hilo ndilo linaloifanya habari hii iwe ya Mbugangari: mahali mteremko unapoishia ndipo soko linapoanza, na mama mwenye beseni la nyanya hana namna ya kujua kama utingo, asubuhi ile, aliinama na tochi au hakuinama.

SIKU YA UHAMISHO

Familia za askari zinaweza kudhani kwamba mambo haya ni ya wenye malori. Sivyo. Askari hupewa uhamisho, na nyumba nzima huhama naye. Aghalabu hukodiwa gari dogo lenye tela la magurudumu mawili. Kitanda, magunia, sufuria na kuku huwekwa humo, na watoto hupandishwa juu ya magodoro kwa sababu ni pahali pa kufurahisha. Hilo la mwisho lisifanywe kamwe. Tela halina kiti wala mkanda, na likiachana na gari halina mtu wa kuliongoza.

Mama wa nyumba asione haya kumwuliza dereva kabla ya kuondoka. Kichwa cha duara kinachovuta tela kilingane na kikombe kinachokifunika. Kikombe cha milimita 50 juu ya kichwa kidogo zaidi kitaruka kwenye tuta la kwanza. Minyororo miwili ya akiba ipitishwe kwa kupishana chini ya kiungo, ili kikiachia, minyororo ikidake kisichimbe ardhi. Kamba ya katani si mnyororo. Vitu vizito vilazwe chini, mbele kidogo ya ekseli, kwa maana tela lililolemewa nyuma huanza kuyumba kama mkia, na kuyumba kukizidi hulipindua gari lenyewe. Taa za nyuma ziwake. Baada ya kilomita chache za kwanza gari lisimame, na kila kifungo kitazamwe upya.

Vivyo hivyo kwa gari lililoharibika njiani. Kamba yafaa kwa mwendo mfupi wa tambarare tu, na hata huko kwa tahadhari, kwa kuwa injini ikizimika usukani huwa mzito na breki huhitaji nguvu nyingi ya mguu. Mlimani hufaa upau wa chuma usiopinda, ama sivyo gari lisubiri winchi. Kulala njiani usiku mmoja ni hasara ndogo.

Kwa askari wa barabarani, ukaguzi wa juu ya mlima una faida kuliko wa chini. Karatasi zikiisha kusomwa, tochi ielekezwe chini ya tela: je, bomba zinaburuta? Kuna chuma kinachong'aa upya palipokatika? Magurudumu yana kabari? Dereva wa kweli hatachukia kuulizwa, naye aliyechelewa hukasirika kwa muda mfupi.

Mei 2021, mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22, matetemeko yaliyofuata yalizipasua nyumba za Rubavu, na wakazi walijifunza kutembea wakitazama kuta zao. Waliojenga upya waliijua maana ya methali: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nyufa za milimani mwanadamu hawezi kuzizuia. Ufa wa pini, bolti iliyolegea na bomba linalovuja ni kazi ya dakika 10, na mahali pa kazi hiyo ni kule juu, penye baridi, kabla ziwa halijaonekana.