Walipolicheka daftari langu

Leo napenda kuwashirikisha jambo dogo lililonipata mimi mwenyewe. Nadhani wengi wenu mmelipitia: unawapelekea rafiki zako kazi uliyoifanya kwa moyo wako wote, nao hawaipokei.

Kwa miezi mitano nilikuwa nikiandika mchezo wa kuigiza juu ya Mwenyeheri Isidore Bakanja. Niliandika usiku, mara nyingi kwa mwanga wa mshumaa, maana umeme katika mtaa wetu hapa Bukavu huja na kuondoka upendavyo. Bakanja mnamfahamu. Alikuwa kijana mfanyakazi wa upande wa Ekwatori, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906, akavaa skapulari ya Bikira Maria na kuwafundisha wenzake sala. Mzungu aliyesimamia shamba la kampuni alimwamuru aivue skapulari ile. Alipokataa, alipigwa kwa mjeledi wenye misumari. Aliteseka kwa miezi mingi, akafa tarehe 15 Agosti 1909, akiwa amekwisha kumsamehe aliyempiga. Nilitamani vijana wa parokia wamwone mtu huyu akisimama na kusema mbele yao, si katika picha ya ukutani tu.

Jumapili moja, baada ya Misa, niliwasomea rafiki zangu watatu onyesho la kwanza. Mmoja hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. Wa pili aliuliza ni nani atakayeacha mpira aje kumtazama mtu aliyekufa zamani za Wabelgiji. Wa tatu, ambaye nimekua naye tangu tukiwa watoto wa Kizito-Anuarite, alisema: «Bakanja wako hasikii maumivu. Anahubiri tu.» Wote wakacheka. Nami nikacheka, ili wasione kilichokuwa machoni pangu.

Nilipofika nyumbani nililitia daftari chini ya godoro, likakaa huko majuma matatu. Kwenye mazoezi ya kwaya nilibadilisha kiti. Waliponisalimu, niliitika kwa neno moja. Moyoni nilijifariji kwa Injili: je, Bwana Yesu mwenyewe hakukataliwa Nazareti, na watu wa kwao?

Lakini siku moja niliisoma upya habari ile katika sura ya 6 ya Marko, nikaona aibu. Yesu alishangazwa na kutoamini kwao, wala hakununa. Hata pale pale alipokataliwa, aliwawekea mikono wagonjwa wachache akawaponya. Kisha akazunguka vijijini akifundisha, akawatuma wale Kumi na Wawili. Mimi nilikuwa nimechukua kukataliwa kwake nikakufanya mto wa kulalia. Zaidi ya hayo, yeye alikuwa Bwana, na mimi nilikuwa kijana mwenye daftari lililojaa makosa.

Jambo la pili lilinipata nilipojitayarisha kwa sakramenti ya kitubio. Nilikuwa nikihesabu makosa ya wengine dhidi yangu, ndipo kumbukumbu moja ikaja bila kuitwa. Miaka miwili nyuma, rafiki yangu yule wa tatu alituletea gita lake na wimbo wa matoleo alioutunga mwenyewe. Ni mimi niliyesema, mbele ya wote, kwamba wimbo ule ungefaa zaidi katika baa. Tulicheka sana. Tangu siku ile sikumsikia tena akiuimba, wala sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Nilimwendea nyumbani kwao. Nilipoanza kueleza, alinikatiza, akaniambia maneno yangu yenyewe kama nilivyoyasema, na mahali nilipokuwa nimeketi. Mimi nilikuwa nimesahau kabisa. Yeye hakusahau hata siku moja. Nikamwomba msamaha. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema: «Nimekusamehe, ndugu yangu. Lakini Bakanja wako bado hasikii maumivu.»

Alikuwa amesema kweli tangu mwanzo. Nilirudi kwenye daftari nikaona kwamba Bakanja wangu alitamka msamaha kama mtu anayesoma tangazo baada ya Misa. Sikuwa nimemruhusu aumwe. Nikaandika upya: vidonda visivyopona, harufu iliyowafukuza wageni, usiku asioweza kulalia mgongo. Siwezi kulinganisha mateso yake na kicheko cha rafiki. Ila kicheko kile kilinifundisha jambo ambalo sikulijua nilipoanza kuandika: anayesamehe anajua hasa kile anachokisamehe.

Mchezo ulionyeshwa jioni moja katika ukumbi wa parokia. Viti vingi vilikuwa wazi. Rafiki wa mpira hakuja, nami sikumhesabia deni. Rafiki wa gita alikuja, akakaa mstari wa mbele. Nimemwomba anipe wimbo wake ule tuuimbe siku moja kwenye matoleo. Bado hajanijibu, na ninangoja.

Basi, ndugu vijana, ikiwa Mungu amekupa kazi ya mikono au ya kalamu, usiifanye iishi kwa makofi ya wenzako. Wengine watanyamaza kwa kuchoka, wengine watacheka kwa kutokuelewa, na mmoja atakuambia ukweli kwa sauti isiyopendeza. Mtafute huyo wa mwisho. Usimpoteze kwa sababu ya sauti yake. Na kabla ya kuhesabu waliokucheka, uliza moyo wako ni wimbo wa nani ulionyamaza kwa sababu ya kicheko chako.

Kwa kushirikishana katika kikundi: Je, kuna kazi uliyoiacha kwa sababu ya neno la rafiki? Je, kuna rafiki aliyeacha yake kwa sababu ya neno lako? Juma hili, utamwendea nani?

Mwenyeheri Isidore Bakanja, utuombee.