Taratibu na Goigoi

Kiswahili kimelipa neno "taratibu" kazi mbili. Tukimwambia mtoto ashuke ngazi taratibu, twamtaka asikimbie. Tukizungumzia taratibu za mahakama au za harusi, twakusudia mpango: hili hutangulia, lile hufuata. Asili ya neno ni Kiarabu, na huko maana yake ni kupanga. Maana ya mwendo tumeiongeza sisi wenyewe, nami sidhani kwamba tuliiongeza kwa bahati tu, kwani anayefuata mpango hana budi kupunguza mbio. Goigoi ni mwingine kabisa. Goigoi hana mpango; ni mzito tu.

Tofauti hiyo imenikaa kichwani tangu tulipotazama filamu ya Open Range nyumbani kwetu Ngamiani, hapa Tanga, na watazamaji wakagawanyika vibaya. Filamu ilitolewa mwaka 2003. Kevin Costner aliiongoza, na akaigiza ndani yake pamoja na Robert Duvall. Ni picha ya makauboi ya mtindo wa zamani: wachunga ng'ombe wanne wanapita na kundi lao katika nyika za Montana, mwaka 1882, wakilisha popote penye majani, hadi wanapokutana na mwenye ranchi aitwaye Baxter, asiyetaka kuona mifugo ya wapita njia. Mmoja wao auawa, mwingine ajeruhiwa, na wawili waliobaki, Boss na Charley, waamua kuingia mjini kudai haki. Kisa ni hicho tu. Lakini kinachukua saa mbili na dakika 19, na bunduki hazilii sawasawa ila mwishoni. Kabla ya hapo kuna mvua, matope, kahawa, mbwa, na wanaume wawili wasiopenda kusema.

Mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari, alitoa hukumu kabla nusu saa haijatimia. "Mjomba, picha hii imepoa." Alipoona mvua haikatiki akaongeza kwamba inaboa. Simlaumu. Amekulia katika filamu zilizotiwa sauti ya Kiswahili, kazi ya wale wafasiri wa vibanda vya video iliyompa Lufufu umaarufu Dar es Salaam. Ni sanaa, tena naiheshimu. Mfasiri hodari hutania, huonya, huwapa wahusika majina ya mitaani. Ila kawaida yake ni kutoacha pengo. Mhusika akinyamaza, mfasiri husema kwa niaba yake. Usiku ule mfasiri nilikuwa mimi, kwa ajili ya wazee wasiojua Kiingereza, na mara nyingi sikuwa na la kufasiri.

"Anasemaje?"

"Hajasema kitu."

"Mbona anamtazama vile?"

Nikanyamaza nami, maana jibu lilikuwa usoni mwa yule mtu, nao walikuwa na macho.

Mjomba wangu hakuchoka. Yeye ni wa zama za sinema ya Majestic, siku ambazo vijana wa mji huu walitoka ukumbini wakitembea miguu upande kana kwamba wameshuka farasini. Kwake picha ya kauboi ina sheria zake: stelingi hauawi, na kabla hajapiga risasi lazima apewe sababu. "Huyu anapewa sababu," alimwambia kijana. "Ninyi mnataka risasi za bure."

Sisi wapenda tenzi tunaielewa sheria hiyo bila kufundishwa. Watunzi wa kale hawakuingia vitani mbio. Kwanza jina la Mungu na sala kwa Mtume, kisha waliomba karatasi, wino na kalamu nzuri, ndipo kisa kianze. Na kikianza, huja barua, wajumbe na mashauri kabla ya panga la kwanza. Pwani hii ndiyo ya Hemed Abdallah el-Buhriy, aliyetunga utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima. Ndiyo pia ya Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, ambaye Utenzi wa Vita vya Uhuru wake una beti 3,000. Sijasikia mshairi akisema kwamba beti 3,000 zimepoa. (Ingawa, tuambizane kweli, wanaousifu utenzi ule ni wengi kuliko waliofika ubeti wa mwisho.) Kinachomshika msomaji humo ni mizani minane inayorudi na kurudi, na kile kina cha mwisho kinachomngoja kwenye kila ubeti, hata anapofika vitani pumzi yake imekwisha kushika mwendo wa mtunzi.

Kuna mahali katika filamu, karibu na mapambano, ambapo Boss na Charley wanatajiana majina yao halisi. Wamechunga pamoja miaka mingi bila kuyajua. La Boss ni Bluebonnet, jina la ua. Vijana waliangua kicheko. Mimi nilikumbuka tamati, pale mtunzi anapojitaja jina lake, la babaye na mji wake, ili asipotee pamoja na karatasi. Wale wawili hawakuwa na hakika kama jioni wangekuwa hai, basi tamati yao wakaitanguliza.

Hata hivyo, filamu ina goigoi lake. Vita vikiisha, Charley na Sue, dada wa daktari, wanasimama kuelezana mapenzi kwa maneno mengi mno. Tulikwisha kuyajua. Charley alikuwa amemwagizia Sue seti mpya ya vyombo vya chai, na kikombe kimoja kilitosha. Hapo mpwa wangu alipiga miayo, nami sikuwa na hoja ya kumtetea mwongozaji.

Mabishano ya mwendo yangeishia hapo, lau si jirani yetu, mzee mwenye shamba la mahindi Handeni. Yeye hakulalamikia mvua wala kimya. Alilalamikia stelingi. "Ng'ombe wakipita shambani usiku, asubuhi huna cha kuvuna," alisema. "Huyu mnamwita adui kwa sababu anasema hapa msilishe. Mimi nimesema hivyo mara ngapi?"

Chumba kilitulia. Katika mkoa wetu maneno hayo si ya sinema. Mpakani mwa Kilindi na Kiteto ugomvi wa wakulima na wafugaji umekwisha kumwaga damu, na tangu mwaka 2022 Msomera, huko huko Handeni, imepokea familia za wafugaji kutoka Ngorongoro. Anayetaja malisho mbele za watu hutazama kwanza waliokaa.

"Lakini Baxter ameua, babu," mpwa wangu akasema.

"Ameua, ndiyo. Sisemi aue. Nasema saa mbili zote hizi hawakutuonyesha mkulima hata mmoja. Muda walikuwa nao."

Ukosoaji wa filamu ile nilioupata kwingine haukunigusa kama huo. Wengine walihesabu dakika. Mzee aliuliza dakika hizo zimepewa nani.

Mlangoni alikuwa amesimama mlinzi wa nyumba ya pili, kijana wa Kimasai, rungu kwapani. Alikuja wakati wa mvua ya kwanza na hakuwahi kuuliza risasi zitaanza lini. Kila kundi lilipoonekana alisogea hatua moja ndani; watu walipozungumza alirudi kizingitini. Mjomba alimwuliza naye ameionaje. Alifikiri kwanza.

"Hawa walipokwenda mjini kupigana," akasema, "ng'ombe wamemwachia nani?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Mpwa wangu, ambaye tangu mwanzo alitaka picha iende mbele upesi, alichukua rimoti akairudisha nyuma. Mzee wa Handeni alivuta kiti karibu na runinga, akamwonyesha mlinzi nafasi pembeni yake, akaanza kuhesabu ng'ombe kwa kidole.