Wazee Niliowafuta

Ripoti niliyoandika kuhusu mafunzo ya presha kwa wazee, katika kata moja ya milima ya Usambara, ilisema mafunzo yamefanikiwa. Sikuwa na haki ya kusema hivyo.

Walioalikwa walikuwa na miaka 60 au zaidi, waliokutwa na presha iliyovuka 140/90. Walipimwa na kuulizwa maswali mwanzoni, wakapimwa na kuulizwa tena mwishoni. Wasiotokea siku ya mwisho niliwafuta, nikijiambia kwamba aliyepimwa mara moja halinganishiki. Lakini mafunzo yalifanyika juu ya mlima, kwenye ofisi ya kata. Walioacha kuja ni wenye magoti mabovu, wenye macho hafifu, na mabibi wanaolea wajukuu peke yao. Waliobaki walikuwa na nafuu tangu mwanzo, nami nafuu yao nikaiandika kama matunda ya mafunzo.

Kuna baya zaidi, kwa sababu hili nilikuwa nalijua. Ukichagua watu kwa presha iliyokutwa juu siku moja, ukija kuwapima tena wengi itakuwa imeshuka kidogo, hata wasipofundishwa chochote. Ndiyo maana hutafutwa kundi la wazee wasiofundishwa, wapimwe sambamba. Sisi hatukuwa nalo, na katika ripoti nzima sikuligusia.

Na maswali yenyewe! "Je, chumvi nyingi ina madhara?" Bibi mmoja alinijibu, "Ndiyo mwanangu, mmetufundisha vizuri." Alikuwa ananistahi mgeni wake; mimi nikampa alama. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isifike gramu 5 kwa siku, lakini sikumuuliza nani anapika nyumbani kwake, wala kama vidonge alivipata mara ya mwisho alipokwenda zahanati. Matibabu ya mzee asiye na uwezo ni bure kisera. Dawa ikikosekana dirishani, anarudi nyumbani mikono mitupu, na somo lake kichwani.

Kwa nguvu ya ripoti ile, mafunzo yalipelekwa kata nyingine vilevile yalivyokuwa. Nimewaandikia waliolipia kazi, nikawaomba waiondoe. Orodha ya niliowafuta bado ninayo, pamoja na vitongoji vyao. Nimeomba kuongozana na wahudumu wa afya ya jamii, nyumba kwa nyumba, kwa gharama yangu, tuwapime na tuwaulize kilichowazuia kuja.